Bei ya Kimoja, Uwiano na Grafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili ninaowafundisha hisabati jioni, na kwa wazazi wao. Wazazi mara nyingi huuliza mazito kuliko watoto, kwa sababu wao ndio wanaotoka na pesa kwenda sokoni. Bei nilizotumia ni za mfano, isipokuwa pale nilipotaja mwaka. Weka bei za mtaani kwako, njia haibadiliki.

Bei ya kimoja ni kitu gani?

Ni pesa unayolipa kwa kipimo kimoja cha bidhaa: kilo moja, lita moja, yai moja, mita moja ya kitambaa. Trei ya mayai 30 ikiuzwa shilingi 9,000, yai moja limekugharimu shilingi 300. Tunaihitaji kwa sababu wauzaji hawauzi wote kwa kipimo kimoja. Huyu ana mfuko wa kilo 5, yule wa kilo 2, mwingine anapima kwa kopo. Ukishashusha bei zote mpaka kwenye kilo moja, ndipo unapoweza kuzilinganisha.

Nagawanya nini kwa nini? Kila mara nachanganya.

Pesa gawanya kwa kiasi. Mchele kilo 5 kwa shilingi 14,000 ni 14,000 ÷ 5, yaani shilingi 2,800 kwa kilo. Ukisahau, soma jina la jibu lenyewe: "shilingi kwa kilo". Kilichotajwa kwanza ndicho kinachogawanywa.

Ukigeuza, ukagawanya 5 kwa 14,000, hujafanya hesabu ya kijinga. Umejibu swali jingine: shilingi moja inanunua kilo ngapi? Swali hilo nalo lipo mtaani kila siku. Anayesema "nipimie ya buku" ameanza na pesa, anatafuta kiasi. Mchele huohuo wa 2,800, buku lake ni 1,000 ÷ 2,800, karibu gramu 357. Kabla hujagawanya, jiulize tu kama unatafuta pesa au unatafuta mzigo.

Uwiano wa moja kwa moja maana yake nini?

Simama kwenye kituo cha mafuta utazame kioo cha pampu wakati gari linajazwa. Kuna namba mbili zinazokimbia pamoja, lita na shilingi, na ya tatu imetulia pale pale: bei ya lita moja. Tuseme imeandikwa 2,900. Lita ikifika 1, shilingi inasoma 2,900. Lita 5, shilingi 14,500. Lita 10, shilingi 29,000. Lita zikiongezeka mara mbili, pesa nayo mara mbili. Zikipungua kuwa nusu, nayo nusu.

Namba ile isiyosogea ndiyo moyo wa somo hili lote. Vitabu huiita namba ya uwiano, dereva anaiita bei ya lita, na kwenye grafu utaikuta ikiwa mwinuko wa mstari (vitabu vingine husema mteremko). Ukiiandika kama mlinganyo inakuwa y = 2,900x, ambapo x ni lita na y ni pesa ya kulipa.

Nimepewa jedwali. Nitajuaje kama lina uwiano wa moja kwa moja?

Gawanya kila mstari wa jedwali, pesa kwa kiasi. Majibu yote yakilingana, ndiyo. Hata mmoja ukikataa, siyo.

Mchele: kilo 2 kwa 5,600, kilo 3 kwa 8,400, kilo 5 kwa 14,000, kilo 10 kwa 27,000. Mitatu ya kwanza inatoa 2,800. Wa mwisho unatoa 2,700. Muuzaji amepunguza bei kwa anayechukua nyingi, basi jedwali zima halina bei moja ya kilo, na mwanafunzi akiandika "bei ni 2,800" bila maelezo amekosea.

Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu ndipo ninapoona alama nyingi zikipotea. Wanafunzi wengi hawagawanyi. Wanatazama ongezeko. Wakiona pesa inapanda kwa hatua sawasawa wanasema "kuna uwiano". Chukua bodaboda anayetoza shilingi 1,000 ya kuanzia, kisha 500 kwa kila kilomita. Kilomita 1 ni 1,500. Kilomita 2 ni 2,000. Kilomita 3 ni 2,500. Kila hatua 500, safi kabisa. Sasa gawanya: 1,500, kisha 1,000, kisha kama 833. Hakuna namba iliyotulia. Hatua sawa zinakuambia kwamba nukta zitakaa kwenye mstari ulionyooka. Hazikuambii kwamba mstari huo unaanzia sifuri.

Kwa nini mstari lazima upite kwenye sifuri?

Kwa sababu usiponunua kitu hulipi kitu. Kilo 0, shilingi 0. Mstari ukianzia juu ya sifuri, kuna pesa unayoitoa kabla hujapata hata gramu moja, na pesa hiyo ikichanganywa kwenye kugawanya inadanganya.

Mfano ninaoupenda ni gesi ya kupikia. Tuseme kujaza mtungi wa kilo 6 ni shilingi 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Anayeanza anahitaji pia mtungi wenyewe na vifaa vyake, tuseme 40,000. Siku ya kwanza anatoka na 64,000 na kurudi na kilo 6 za gesi. Akigawanya anapata kama 10,667 kwa kilo, na hapo ndipo watu wanapoapa kwamba watabaki na mkaa. Lakini 40,000 ni ya chuma, gesi haimo humo. Akishajaza mara 10 atakuwa ametumia kilo 60 na jumla ya shilingi 280,000. Wastani umeshuka hadi karibu 4,667 na unaendelea kushuka.

Chora grafu yake: mstari unaanza kwenye 40,000 upande wa pesa, kisha unapanda 4,000 kwa kila kilo. Bei ya gesi ni ule mwinuko. Kuupata kwenye mstari usiopita sifuri, chukua nukta mbili, toa pesa kwa pesa, toa kilo kwa kilo, ndipo ugawanye. Kilo 6 kwa 64,000 na kilo 12 kwa 88,000: tofauti ni 24,000 kwa kilo 6, jibu 4,000.

Grafu nachoraje, na kipi kikae wapi?

Kiasi kwenye mhimili wa mlalo, pesa kwenye mhimili wa wima. Ukigeuza, mwinuko wako utakuwa kilo kwa shilingi, lile swali la buku. Kwa mchele wetu wa 2,800 chagua skeli: sentimita 1 kwa kilo 1 upande wa mlalo, sentimita 1 kwa shilingi 2,000 upande wa wima. Weka nukta (0, 0), (2, 5,600), (5, 14,000) na (10, 28,000), kisha laza rula.

Kosa la kuangalia kwa makini ni hili. Jedwali lina kilo 2, 3, 5, 10, zote kwa 2,800 kila kilo, na mtoto anaziandika kwenye mhimili zikiwa na nafasi sawa, kana kwamba kutoka 3 hadi 5 ni sawa na kutoka 5 hadi 10. Mstari unapinda, naye anaandika "hakuna uwiano". Hesabu zake ni sahihi, mkono wake ndio uliomponza. Mhimili ni kama futi ya fundi cherehani: nafasi haziongezwi wala kupunguzwa, na pasipo na nukta panaachwa wazi.

Bei ya kimoja inasomwa wapi kwenye grafu?

Nenda kwenye 1 ya mhimili wa mlalo, panda mpaka ukutane na mstari, kisha soma pesa upande wa kushoto. Nukta hiyo, (1, 2,800), ndiyo bei ya kimoja.

Lakini mtihani ukikuruhusu, usiisome hapo. Kwa skeli tuliyochagua, shilingi 2,800 ni sentimita 1.4 tu juu ya mhimili. Ukikosea milimita moja, na penseli butu hukosea kirahisi, umekosea shilingi 200 nzima. Tafuta badala yake mahali mbali ambapo mstari unapita kwenye makutano ya mistari ya karatasi, ili usikisie. Hapa ni (10, 28,000), kisha gawanya. Hata ukikosea milimita ileile ya 200, ukishagawanya kwa 10 kosa limebaki shilingi 20 kwa kilo.

Nikiwa na mistari miwili kwenye grafu moja, nani ana bei nafuu?

Mwenye mstari uliolala zaidi. Uliosimama zaidi ndio ghali. Hakikisha tu mistari yote imechorwa kwa skeli moja. Ikiwa kwenye karatasi mbili tofauti, usiamini jicho, soma namba.

Mitihani hupenda kumweka mmoja kwa mlinganyo na mwingine kwa jedwali. Duka la kwanza ni y = 2,750x. La pili limeandika kilo 4 kwa 11,200. Namba iliyobebana na x tayari ni bei ya kimoja, 2,750. La pili ligawanye, 2,800. Huna haja ya kuchora.

Kwa Mangi sukari ya robo ni 850, nusu ni 1,600, kilo ni 3,000. Hapo bei ya kilo ni ipi?

Ziko tatu. Robo inakufanya ulipe kwa kiwango cha 3,400 kwa kilo, nusu 3,200, kilo 3,000. Weka nukta hizo kwenye grafu, kisha kutoka sifuri chora mstari kwenda kwa kila nukta. Mstari wa robo ndio utakaosimama kuliko yote.

Nawaambia wanafunzi wachore hii nyumbani na kuipigia hesabu ya mwezi. Familia inayonunua robo kila siku kwa siku 30 inalipa 25,500 na kupata kilo 7 na nusu. Sukari hiyohiyo kwa bei ya kilo ni 22,500. Tofauti ni 3,000, kilo nzima ya sukari, na imelipwa na mwenye kipato kidogo kuliko wote. Tafadhali msimwambie kwamba hajui hesabu. Anazijua. Asubuhi mkononi ana 850 na siyo 3,000. Duka nalo lina vifungashio na muda wa kupima, siwezi kulilaumu kwa yote. Ninachokijua kusaidia ni majirani watatu wanne kuchanga, kununua mfuko mmoja na kugawana kwa mizani.

Je, umeme wa LUKU una uwiano wa moja kwa moja?

Kwa mteja wa matumizi madogo nyumbani, hapana. Kwa bei za mwaka 2016 za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, kundi la D1, yaani hao wa matumizi madogo, lililipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Uniti 75 ni 7,500. Uniti 100 ni 7,500 na juu yake 25 × 350, jumla 16,250.

Mstari wa grafu unatoka sifuri ukiwa umelala, ukifika 75 unavunjika na kusimama. Kabla ya pale pana uwiano, baada ya pale hapana. Wastani wa uniti 100 ni shilingi 162.50, ila uniti yako ya mwisho imekugharimu 350. Ndiyo maana kukata uniti 10 za mwisho kunaokoa 3,500, wakati wastani ungekudanganya kwamba utaokoa 1,625.

Grafu ya bei ya petroli mwezi kwa mwezi ni hii hii?

Siyo. Ile ina muda kwenye mhimili wa mlalo na bei ya lita kwenye wima. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila tangazo ni nukta mpya. Mstari wake hauna sababu ya kupita sifuri. Grafu za namna hiyo zina umri mrefu: William Playfair alichapisha zake za biashara mwaka 1786, na mwaka 1821 akachora bei ya ngano pamoja na ujira wa fundi kwa zaidi ya miaka 250. Alichotaka kuonyesha ni kama ujira unakimbia sambamba na bei, swali ambalo bado tunaliuliza kila mwisho wa mwezi.

Sokoni wanauza kwa sado na debe. Napataje bei ya kilo?

Kwa kupima. Hakuna njia ya mkato, na hili ni jambo ambalo vitabu vinalipita juu juu.

Sado ni kopo la lita 4, jina lake limetoka kwenye makopo ya rangi ya Sadolin. Lita hupima nafasi, kilo hupima uzito. Sado ya maharage na sado ya dagaa wakavu hazina uzito mmoja hata kidogo. Kwa hiyo ukisema "sado 9,000" bado hujasema bei ya kilo.

Siku moja nilinunua sado ya maharage kwa 9,000, nikifurahi kwamba kilo dukani ilikuwa 3,000 na sado, kwa nilivyozoea, inazidi kilo 3. Nilipofika nyumbani nikaimimina kwenye mizani: kilo 2.8. Nilikuwa nimelipa kama 3,214 kwa kilo. Niliporudi wiki iliyofuata nikaomba kuishika ile sado. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, kama kiganja kilichogeuzwa. Kwa juu ilikuwa imejaa hadi kichuguu. Tangu siku hiyo natia vidole ndani kabla haijajazwa, na wauzaji waaminifu hawachukii.

Wazee wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na pale kibaba cha duka hili kilipolingana na cha duka lile, uwiano ulifanya kazi yake vizuri tu. Kipimo cha ujazo hakina ubaya. Ubaya ni kipimo kisicholingana na mwenzake.

Na lumbesa?

Ni tatizo lilelile, safari hii anayeumia ni mkulima. Bei inapangwa "kwa gunia", kisha gunia linashonewa kilemba juu. Tuseme gunia la viazi ni 80,000. Likiwa na kilo 100, mkulima ameuza kwa 800 kwa kilo. Lumbesa ya kilo 130 kwa 80,000 ileile ni kama 615. Kwenye grafu, nukta imesukumwa kulia bila kupanda hata kidogo, na mstari wa kutoka sifuri umelala. Zile kilo 30 kwa bei ya 800 zingekuwa shilingi 24,000.

Tanzania sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kukagua. Kenya sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini sheria shambani inahitaji mizani shambani. Naamini kwa dhati kwamba mizani moja ya kijiji, iliyohakikiwa na kugongwa muhuri, ingefanya kazi kuliko mabango mengi.

Bidhaa moja imeandikwa gramu, nyingine kilo. Nianzie wapi?

Geuza zote ziwe kipimo kimoja kabla ya kugawanya. Gramu 1,000 ni kilo 1, mililita 1,000 ni lita 1. Mwanafunzi akipata bei ya kilo kuwa shilingi 6.50, amegawanya kwa gramu akaandika kilo.

Nipo dukani, sina karatasi ya grafu wala kikokotoo. Nafanyaje?

Tafuta uzito ambao pakiti zote mbili zinaufikia. Maziwa ya unga, gramu 400 kwa 2,600 na gramu 900 kwa 5,400. Pakiti tisa za ndogo ni gramu 3,600, na nne za kubwa pia ni gramu 3,600. Sasa 9 × 2,600 ni 23,400, na 4 × 5,400 ni 21,600. Kubwa ni nafuu. Ukija kuhakiki nyumbani utakuta 6,500 kwa kilo dhidi ya 6,000. Ila kama nyumbani kuna mtoto mmoja anayekunywa, na kopo likishafunguliwa linashika unyevu na kuganda kabla halijaisha, gawanya 5,400 kwa gramu atakazokunywa kweli. Akinywa 700 tu, kilo imekuwa karibu 7,714, na pakiti ndogo imeshinda.